Maiki Zinazogeuza Herufi

Jumatano

Na Jumamosi tunaanza kurekodi filamu, mimi hata maiki sijachagua.

Mama mwenye duka la vyombo vya sauti aliniazima mbili nijaribu: ndogo ya kubana kwenye shati na ndefu ya kuinua kwa fimbo. Pesa yangu inatosha moja tu. Nikampima nazo Shiundu, mwigizaji wangu mkuu. Anaigiza mgombea wa kiti cha wadi, na maneno yake makubwa ni, "Nipeni kura zenu."

Maiki ndogo ikatoa, "Nipeni kula zenu." Nikaleta ile ndefu. Kula, tena safi zaidi.

Nilipandwa na hasira. Nikazirudisha dukani, nikamwambia mama maiki zake zinageuza herufi. Akavaa hedifoni, akasikiza mpaka mwisho.

"Maiki ni mzuri," akasema. "Jalibu wewe mwenyewe."

Nikasema polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza, nione kama itathubutu. Tukasikiza. Ilikuwa sauti yangu kabisa, na ilikuwa inaomba chakula.

Na mimi ndiye niliyemfundisha Shiundu hayo maneno, wiki mbili nzima.

Nimenunua ile ndefu kwa sababu haidanganyi, ingawa inaniogopesha. Filamu yote ni ya uchaguzi. Hilo neno liko karibu kila ukurasa.

Shiundu sitamwambia kitu. Skripti nimeirekebisha jioni hii: mgombea wetu sasa ana njaa.