Kunuka na Kunukia

Jumatatu, 4 Machi

Bomba limepasuka! Afadhali lingekuwa la maji safi — ni lile la maji machafu, linalopita ukutani kati ya jikoni na stoo. Nimerudi kutoka kazini nikakuta vigae vya jikoni vinateleza, na harufu imenipokea mlangoni kama mwenye nyumba. Nimesimama pale na viatu mkononi nikasema maneno ambayo nisingependa yachapishwe.

Fundi bomba amekuja upesi, Mungu ambariki. Kavunja kipande cha ukuta, katoa kiwiko cha bomba kilichooza, kaweka kipya, kaziba. Kisha kamwaga ndoo tatu kwenye sinki. Hata tone! Nikamwuliza, na harufu je? Akasema bomba ni lake, harufu ni yangu.

Nimecheka sana. Halafu simu ya mume wangu ikalia, nikaacha kucheka.

Dada yake! Anakuja Jumapili. Hapa, kwangu, chakula cha mchana. Wifi yangu ambaye hajakanyaga mlango huu kwa miaka sita. Amemwambia kaka yake kwamba amechoka kukasirika, hasira zinamzeesha. Mume wangu kanipa habari hiyo anatabasamu mpaka magego yanaonekana. Sijamwona hivyo tangu siku tulipopewa funguo za nyumba hii.

Jumapili. Na nyumba inanuka.


Jumanne, 5 Machi

Kazini leo nimekamata kosa la mwaka. Prufu ya kadi ya harusi, kabla haijachapwa, maandishi ya dhahabu, mapambo kila kona, na katikati kwa herufi kubwa: "Kaburini nyote." Ilikuwa iwe "Karibuni". Silabi mbili tu zimebadilishana viti, na wageni mia tatu wangejikuta makaburini! Bosi kaiinua kadi juu kila mtu aione. Akasema hakuna kinachompita huyu mama.

Kipo kilichonipita. Kimoja.

Miaka sita iliyopita wifi alihamia nyumba yake mpya, akatualika. Alikuwa ameweka yasmini kila pembe ya sebule. Niliporudi nikamwandikia meseji ya shukrani, kwa moyo wangu wote: "Wifi, asante kwa leo. Nyumba yako inanuka mpaka nimerudi nayo kwenye nguo!"

Inanukia! Nilitaka kusema inanukia! Herufi "i" moja, na msahihishaji ni mimi. Mganga hajigangi.

Akajibu maneno matatu: "Na yako je?"

Ningemweleza siku ileile yangekwisha. Lakini nami nikachukia — mtu anayenijua hivi anadhanije naweza kumtukana? Yeye akasubiri niombe radhi. Mimi nikasubiri aelewe. Tunasubiri mpaka leo, na mume wangu anakwenda kumwona dada yake kwa kujificha, kama mtoto anayeiba sukari.

Sasa anakuja, na swali lake bado halijajibiwa. Akivuta pumzi moja pale mlangoni, basi, ameshinda. Atageuka aondoke, na safari hii harudi.

Nimenunua chupa nne za siki.


Jumatano, 6 Machi

Nimepangusa kabati la chini ya sinki kwa siki. Nimemwaga magadi kwenye tundu la sinki, nikafuatisha maji ya moto. Nimeweka mabakuli ya mkaa jikoni, ukumbini, hata juu ya friji. Madirisha wazi kutwa. Nikajiona nimeshinda.

Mume wangu akataka kusaidia. Amepuliza manukato yake nyumba nzima, yale ya kuvaa kwenye sherehe. Sasa tunanuka choo kilichoalikwa harusini.

Nimemfukuza jikoni kwa mwiko. Amekimbia anacheka.


Alhamisi, 7 Machi

Leo! Leo ni ya kuandikwa.

Nimemwita fundi tena, nikiwa nimejaa hasira. Nimemwambia bomba lake linavuja. Hakubisha. Amepiga goti, kaweka kiganja ukutani — kavu. Kisha kaweka pua. Naapa, ametembea na pua ukutani, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa stoo. Akasimama. Akauliza humu ndani mna nini.

Nikasema vitu tu.

Akasema kuna kitu kimoja humu kimekunywa maji yote.

Nilijua. Kabla hajavuta rafu nilishajua. Nyuma yake, limeegemea ukuta uleule wa bomba, limekunjwa, limefura, linachuruzika maji ya kijivu: zulia. Zulia jekundu lenye ukingo wa buluu. Wifi alituletea siku tulipohamia hapa, akiwa wa kwanza kufika, kalibeba begani mwenyewe. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa kazi mpya. Siku niliposoma lile "Na yako je?" nililikunja nikalitia stoo. Mume wangu alipouliza, nikamwambia nondo wamelila, nimelitupa.

Na mume wangu amesimama nyuma yangu!

Akaliangalia lote, juu mpaka chini. Akagusa ukingo kwa kidole.

"Nondo hawa wana adabu," akasema. "Wamekula, halafu wakarudisha."

Nimecheka mpaka nimekaa juu ya ndoo. Fundi naye kacheka, ingawa hajui anacheka nini. Halafu machozi yakaja, ya kweli, nami nikayaacha. Aibu ilinishika. Siku tatu nanyunyiza siki kila mahali, kumbe kinachonuka nimekificha mwenyewe, kwa mikono yangu!

Mume wangu hakunigombeza. Alishika upande mmoja wa zulia akasema haya, mama, inua. Zito! Tulilitoa uani tukipumzika mara mbili njiani.


Ijumaa, 8 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nina mgonjwa nyumbani. Si uongo sana.

Stoo nimeitoa kila kitu. Ubao wa chini wa rafu umevimba kama mkate, nimeutupa. Kuta nimesugua kwa siki, sakafu kwa magadi na brashi, nimesuuza, nimekausha kwa matambara, nimeacha mlango wazi upepo upite.

Kisha zulia. Maji ya kwanza yametoka meusi. Ya pili, rangi ya chai. Ya tano, rangi ya chai ya mtu bahili wa majani. Nimelikanyaga kwa miguu kwenye beseni kubwa, nimelisugua magoti chini, na wekundu wake umerudi kidogo kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba ni zuri hivi! Nimeimba. Jirani kachungulia juu ya ukuta kuona nani anaimba, akaona zulia, akaziba pua.

"Shoga, la kuvunda halina ubani. Litupe!"

Nikamwambia hili halitupwi. Akasema basi atanitupia mimi sabuni. Akatupa kipande kizima, kikatua ndani ya beseni. Maji yakanirukia mpaka nywele!

Jioni nimefanya mtihani. Nimetoka nje mpaka barabarani, nimehesabu mpaka mia, nimerudi mbio nikaingia ghafla ili niishtukize pua. Jikoni — hamna! Ukumbini — hamna! Stoo nimeingiza kichwa chote. Mbao na siki kidogo tu. Nimempigia mume wangu kumwambia nyumba hainuki. Akauliza hainuki au hainukii? Nimemkatia simu. Anajua kuchokoza huyu bwana!


Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Kutwa.

Zulia liko juu ya ukuta wa uani na halikushikika kwa uzito, tumeshindwa kulihamisha. Limeloa upya. Harufu imerudi — si ile ya Jumatatu, ni ya mbwa aliyenyeshewa. Ila wifi pua yake naijua.

Mpango: yeye anafika saa saba mchana. Saa nne mume wangu na mume wa jirani watalibeba kwenda kwao, likae huko mpaka aondoke. Ndani kunapendeza. Atakaa sebuleni, atakula, atavuta pumzi apendavyo. Hatajua kitu.

Mume wangu kauliza, kwa hiyo tunalificha tena?

Nimekwenda kukatakata vitunguu.


Jumapili, 10 Machi

Niko chumbani, mlango nimeurudisha. Naandika haraka.

Amekuja saa tatu! Saa tatu asubuhi! Kapata gari la mapema. Mume wangu alikuwa ametoka kununua mkate, na mimi niko uani na mabuti ya mpira, nageuza zulia lipate jua. Nikasikia mtu anabisha hodi kwa mlango wa uani, kama zamani, kama mtu wa nyumbani.

Kanenepa kidogo. Mvi mbili tatu. Mkono mmoja kashika fungu la yasmini lililofungwa kwa uzi.

Nikasema "karibu". Polepole, kila silabi mahali pake.

Hakuniangalia mimi. Ameangalia zulia.

"Hili si lile langu?"

"Ndilo, wifi."

"Lilikuwa wapi?"

Jirani, Mungu ampe nini huyu, akadakia juu ya ukuta, "Amelifua tangu juzi kwa ajili yako!" Na ni kweli! Ningenyamaza tu, ingepita. Nilimtazama wifi na yale maua yake, ulimi ukakataa.

"Stoo," nikasema. "Tangu meseji ile. Bomba limepasuka ndiyo nikalitoa. Nilikosa herufi, wifi. Nilitaka kusema inanukia. Nikachelewa kusema."

Miaka sita, na imetoka kwa pumzi moja. Nimejisikia mwepesi na ninaogopa, vyote pamoja.

Alisogea, akaweka pua kwenye zulia, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaomba kiti. Nimempa kiti, nimesema nakuja mara moja, nimekimbilia huku. Mwoga mkubwa mimi!

Simu imelia. Ni yeye — yuko hatua kumi kutoka hapa na ananiandikia meseji:

"Wifi, zulia langu linanuka."

Na kabla sijavuta pumzi, nyingine:

"Safari hii hakuna herufi iliyokosekana."

Nimezisoma mara nne. Sijui kama ananicheka au ananihukumu. Kazi yangu yote nasoma maneno, na haya mawili matatu yamenishinda.

Ngoja — bomba la uani limefunguliwa. Nani kafungua? Mume wangu hajarudi. Nimechungulia dirishani. Wifi kakunja mikono ya gauni, kavua viatu, yasmini kaziweka juu ya kiti changu. Brashi anayo. Anasugua!

"We mwanamke!" anaita. "Unaandika nini huko? Njoo ushike huku, zito hili!"

Nakwenda. Ila kwanza jibu. Nimeandika neno moja: "Litanukia." Nimelipitia kwa kidole, kama prufu. L, i, t, a, n, u, k —

"i" ipo. Ipo! Acha nihesabu mara moja tena kabla sijabonyeza —