Ukurasa wa Hamsini na Nane

Mama,

Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Zile tatu nimezichana. Nakaa, naandika mistari miwili, nasimama kwenda kuangalia kama nimezima stovu, nafika huko nagundua sijaiwasha tangu asubuhi. Mvua inapiga mabati hapa Ruiru na jirani ameweka redio kwa sauti ambayo wewe ungekuwa hapa ungekuwa umeshaizima kwa mdomo tu. Sina utulivu. Tangu Mwalimu Rahab aje kule Kamenu, wiki tatu sasa, sijakaa kitako nikamaliza chai ikiwa moto.

Halafu nakumbuka ninamwandikia nani, nacheka peke yangu. Barua zote zilizowahi kuingia nyumbani kwetu nilikusomea mimi. Hii utasomewa na nani?

Ngoja nikupe habari kwanza. Mwaka umeisha tangu uende. Kaburi lako kule Theta limeota nyasi nzuri, na mjomba amelizungushia mawe, ingawa ameyapanga vibaya na hataki kuambiwa. Nyumba ya Kamenu nairudisha kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Yule mama wa viazi pale sokoni Thika bado ananiita mtoto wa Mama Ploti, lile jina lako la kwenye TV, na bado ananiongezea viwili vya juu, eti asije akafungiwa nyumba. Na Jumamosi hii Oduor na kikundi chake cha maigizo wamekuandalia siku ya kumbukumbu katika ukumbi wa kanisa, ule ule ulioanzia kuigiza. Wamebandika mabango hadi kwenye nguzo za stima. Picha waliyoweka ni ile ya Mama Ploti, umefunga kitambaa kichwani, mkono kiunoni, kufuli mkononi. Nimepewa dakika tano za kusema neno la familia.

Hizo dakika tano ndizo zinazonitembeza humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu sijui njia nyingine. Uliacha shule ukiwa darasa la pili, babu alipofariki, ukaenda kuchuma kahawa huku Ruiru. Namba ulizijua vizuri, hakuna aliyeweza kukudanganya kwa namba. Herufi ndizo zilizokupita. Halafu ukaja Thika, ukanizaa, ukanipa jina la mamako, Njoki, na kila ulipofurahi uliniita Maitu, mama yangu. Kwenye michezo ya kuigiza ya akina mama kanisani, mke wa pasta alikuwa anawatajia maneno kwa mdomo, na wewe ulikuwa unayashika mara moja. Oduor akakuona siku moja umeigiza mke wa mlevi, watu wakalia hadi pasta akasahau kuitisha sadaka. Akakupa karatasi zilizopigwa taipu, akakwambia uje nazo wiki ijayo umezijua.

Ulizileta nyumbani, ukaziweka mezani mbele yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Ukasema, "Nisomee, nisikie kama hiyo shule inakufunza kitu." Nami kwa kiburi changu nikasoma. Nilidhani unanipima.

Miaka miwili nzima nilidhani hivyo. Hadi siku niliyoleta barua ya mwalimu mkuu iliyosema mimi ni mpiga kelele darasani, nikakusomea kwamba mimi ni mfano mwema kwa wenzangu. Ukaninunulia soda na mandazi mawili. Nilikula lile la kwanza nikiwa na furaha. La pili nililiweka chini, kwa sababu hapo ndipo nilipojua kuwa hukuwa unanipima. Sikukwambia nimejua. Na wewe hukuniambia umejua kwamba nimejua. Tukaendelea tu.

Lakini nilipenda ile kazi yetu, Mama. Wewe unamenya viazi, mimi nimekaa juu ya debe nasoma maneno ya watu wote, mume, jirani, polisi, na wewe. Nikijaribu kutia sauti ulinikata hapo hapo: "Soma tu. Kuigiza ni kazi yangu." Maneno yako uliyapanga jikoni kama vyombo. Ya kwanza uliyaweka kwenye jiko, yanayofuata kwenye mtungi, halafu kabatini, halafu mlangoni. Ukifika jukwaani macho yako yalipita jiko, mtungi, kabati, mlango, na watu walidhani unawaza. Kwenye mazoezi ulishika karatasi kama wengine na kuzifunua wakifunua wengine. Hakuna aliyewahi kushuku. Na kila tulipomaliza uliuliza swali moja, "Hatujaruka?" nami nilijibu, "Hatujaruka."

Ndivyo ulivyozunguka shule za sekondari na kikundi cha Oduor, mkiwaigizia wanafunzi vitabu vyao vya mtihani. Wasichana walikuwa wakikuuliza maana ya sura fulani, na wewe uliwajibu vizuri kuliko walimu wao, maana ulikuwa umeibeba kichwani yote. Halafu TV ikakuchukua. Mama Ploti, landlord mwenye nyumba za kupangisha na mdomo mkali, kila Jumatano jioni. Wapangaji wa ploti nzima tulijazana kwa jirani mwenye TV ya betri, na wewe mwenyewe ulikaa nyuma kabisa, umejifunika leso, ukilalamika kwamba huyo mwanamke ana makelele. Watoto wa Kamenu walikuogopa hadi ukalazimika kwenda dukani mwenyewe. Mimi niliona fahari. Sikuwahi kukwambia hilo nalo. Niko na orodha ndefu ya mambo ambayo sikukwambia, Mama, na nimesimama tena, nimeenda dirishani, nimerudi.

Sasa niandike kile kilichonifanya nichane zile tatu.

Mwaka wa tisini na tano. Onyesho kubwa Nairobi, wewe ndiye mama mwenye mchezo, na watu wa filamu walikuwa wanakuja kukutazama. Filamu, Mama. Si landlord wa nusu saa. Nilikuwa tayari nimeajiriwa hapa Ruiru kupiga taipu katika ofisi ya wakili, nikija Kamenu kukusomea. Alhamisi Oduor akabadilisha sehemu ya mwisho, akakuletea kurasa mpya nyumbani, onyesho ni Jumamosi. Maneno marefu ya mwisho yalikuwa yako peke yako. Akasema hana wasiwasi nawe, hata mazoezi hayahitajiki.

Nilikusomea jioni ile nikiwa nimeshavaa. Kulikuwa na mtu ananingoja Ruiru saa kumi na mbili. Simtaji jina, ameshaoa Juja na ana kitambi, haki yake. Nilifika ukurasa wa hamsini na saba, nikafunua, nikauona wa hamsini na nane umejaa kutoka juu hadi chini, wino umefifia, maneno yako matupu. Nikatazama saa. Nikaufunua pamoja na ule mwingine, nikaendelea na wa hamsini na tisa. Nilijiambia nitakuja kesho mapema nikusomee huo mmoja, utaushika kwa dakika kumi.

Ukauliza, "Hatujaruka?"

Nikasema, "Hatujaruka."

Na kesho yake sikuja. Yule mtu alitaka twende kuona maporomoko ya Chania. Nilipita Thika, Mama, nilipita karibu na nyumbani, na sikuingia.

Jumamosi nilikaa safu ya tatu. Ulikuwa umewashika watu, walikuwa wako. Kijana aliyeigiza mwanao akasema, "Mama, sema basi," akangoja. Nikaona macho yako yakienda jiko, mtungi, kabati, mlango. Yakarudi jiko. Nikajua mimi peke yangu katika ukumbi ule wote. Ukavuta kigoda, ukakaa. Ukavua kitambaa kichwani, ukakikunja, ukakikunjua, ukakikunja tena. Mwanzoni watu walidhani ndivyo mchezo unavyokwenda, na ulikuwa mzuri hata hapo, mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa anafuta machozi. Halafu mtu akakohoa. Halafu mwingine akacheka kidogo. Nyuma ya pazia walikunong'oneza maneno, lakini utashikaje kitu ambacho hukuwahi kusikia? Oduor akazima taa.

Ulipotoka uliniambia neno moja tu, kwamba ukumbi ulikuwa na joto. Nilingoja uniulize. Hukuniuliza siku ile, wala wiki ile, wala hadi unaondoka.

Watu wa filamu walimchukua mwingine. Oduor akaanza kukupa sehemu za kupita na kubeba trei. Kwenye TV wakaandika kwamba Mama Ploti ameuza ploti ameenda ushago, kwao kijijini, na sokoni watu wakawa wanakuuliza uliiuza pesa ngapi. Ulicheka nao. Ulikuwa unacheka vizuri, nani angejua?

Na siku tunakuzika, Oduor akasimama pale Theta na suti yake, akasema ulikuwa mwigizaji mkubwa, lakini siku za mwisho maneno yalikuwa yanakuponyoka, akili ilikuwa imechoka. Watu wote wakatikisa kichwa. Nilitaka kumrushia lile shada la maua. Badala yake nililishika vizuri zaidi, nikainama. Kwa sababu ningesema nini? Nikisema hukusahau, wataniuliza basi kwa nini hukujisomea mwenyewe. Ili nikuondolee aibu moja ingebidi nikuvalishe nyingine, ile uliyoificha maisha yako yote. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa pia kwa ajili yangu. Niliogopa sana, Mama.

Basi. Wiki tatu zilizopita niko Kamenu nafunga vyombo. Jikoni sikuweza kugusa kitu. Nilihamisha kila chumba, nikifika kwenye ule mtungi narudi nyuma, naona kama nitakuharibia maneno. Hapo ndipo alipobisha hodi mama mmoja mfupi mwenye miwani. Mwalimu Rahab. Akasema anafundisha gumbaru, darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, Jumanne na Alhamisi alasiri. Nikamwambia amepotea nyumba. Jumanne na Alhamisi mama yangu alikuwa anaenda maombi.

Akatabasamu tu. Akatoa kitabu cha mazoezi kwenye mkoba, kile cha jalada la samawati chenye hesabu za kuzidisha nyuma. Jina lako liko juu. Umeliandika wewe.

Ndani kuna a, e, i, o, u, mistari na mistari, umekandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka. Kuna "Njoki" mara kumi na nne. Kuna "Maitu." Na nyuma kabisa, karatasi mbili za mwisho, juu umeandika 58 ukaizungushia duara. Chini yake, ukurasa wote. Kila neno. Herufi zimelala upande kama mahindi baada ya upepo, lakini hakuna lililokosekana. Unaanza hivi: "Msinishike mkono. Sijachoka, nimekaa tu."

Mwalimu Rahab alisema ulikwenda kwake wiki ile ile baada ya onyesho, na hiyo karatasi umeikunja ndani ya leso. Ulimwambia unataka kusoma hii kwanza, mengine baadaye. Akataka kukusomea ujue inasema nini, ukamkataza. Ukamwambia, "Usinisomee. Nimesomewa ya kutosha."

Nilikaa chini, Mama. Kwenye sakafu, katikati ya maboksi.

Ulijua. Namba ulizijua. Ulifika nyumbani ukafungua zile karatasi, ukahesabu, ukaona ile ambayo hukuisikia. Ukaishi na mimi mwaka na nusu, ukinipikia kila nikija, ukiniita Maitu, na kila Jumanne na Alhamisi unaenda kujifunza ukurasa niliokunyima. Kwa nini hukunigombeza? Mama Ploti angenitupia vitu nje. Ningelia, ningeomba msamaha, yangeisha. Nimekukasirikia kwa hilo, nakwambia wazi. Nimekukasirikia wiki tatu, nikiwa nakulilia.

Mwalimu Rahab aliniambia na la mwisho. Ulikuwa umepanga siku ya kufunga darasa usimame usome ukurasa huo mbele ya watu, na mgeni wa kualikwa awe Oduor. Presha ikakuwahi wiki mbili kabla. Kwa hiyo ile siri haikuwa siri tena. Ulikuwa umeamua kuitoa mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi ni nani hata niendelee kuifungia?

Naogopa bado. Mjomba atasema nimekuaibisha. Oduor atatafuta pa kutazama. Nami nikishasema nililolifanya, kuna watu hawatanisalimia tena pale sokoni, na viazi viwili vya juu nitavikosa. Sawa. Kama sivyo ulivyotaka, kasirika, nami nitaizoea hasira yako.

Mvua imepungua. Chai nimeinywa, ilikuwa baridi lakini nimeimaliza.

Pumzika, Mama. Jumamosi nitawaambia hukusahau hata neno, kwamba mimi ndiye niliyeruka. Halafu nitafungua kitabu chako, nyuma kabisa, na nitasoma kwa mwandiko wako kutoka juu hadi chini. Sitatia sauti. Nitasoma tu. Kuigiza kulikuwa kazi yako.

Na nikimaliza, niulize.

Mwanao,
Njoki