Bo-ram Ameacha Kuuliza

Kijiji cha Dunbeol,
Andong, Korea.
8 Oktoba 2023

Mpendwa mwanangu Deok-su,

Hujambo huko Poland? Mkwe wangu Mi-suk naye, kikohozi kimemwacha? Mimi mzima kabisa. Mapeari yangu mwaka huu ni makubwa kama kichwa cha mchungaji, na kanisani bado hakuna anayenizidi sauti. Mkono wangu mzito kuandika unaujua, nivumilie.

Mwanenu Bo-ram anakula vizuri. Mliponiachia mlisema, baba, mfundishe imani. Nimemfundisha. Ana miaka minane na anakariri zaburi kuwashinda wajukuu wote wa jirani yetu mzee Pak. Asipokariri hagusi kijiko. Ndivyo nilivyokulea wewe, na hukufa.

Sasa nikwambie jambo linaloninyima raha. Siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, tulikwenda kwenye kaburi la mama yako, tukaimba, nikaomba. Kwenye kaburi la pili yake watu walikuwa wanainama na kumwandalia marehemu wao chakula. Bo-ram akaniuliza, "Babu, mbona sisi hatumwinamii bibi? Hatumpendi?"

Nikamwambia, "Nyamaza! Mtoto wa Mungu hainamii wafu."

"Kwani Mungu anamwonea bibi wivu?"

Wale watu wakacheka. Kicheko kile kikanipanda kichwani, mimi mzee wa kanisa. Nilipogeuka kukunja mkeka, Bo-ram kaweka vikeki vyake vya mchele kaburini, kapiga magoti, paji la uso chini. Nikavipiga teke. Deok-su, nilipiga teke chakula kwenye kaburi la mama yako. Mtoto hakulia. Aliviokota, akavipangusa nyasi, akavitia mfukoni.

Tangu hapo anakariri bila kosa na haulizi kitu. Zamani alinichosha, mara Mungu analala wapi, mara mbwa wetu ataingia mbinguni. Sasa ni "Ndiyo, babu" tu. Nikadhani nimeshinda, nikajisifu hata kwa mchungaji. Akaniambia, "Mzee, huyo anakuogopa wewe. Mungu hajaongea naye bado." Nilikasirika, lakini usingizi ukaniruka.

Jana tukimenya peari nikamwambia babu alikosea. Nikamwambia tunamwinamia Mungu peke yake, lakini kumpenda bibi hakujakatazwa, hata mimi namlilia nikiwa shambani. Akajibu, "Ndiyo, babu."

Basi nikamuuliza mimi. Wewe ukisali unamwambia nini Mungu?

Akamenya mpaka peari ikaisha. "Namwomba anizuie kuuliza, ili usikasirike."

Mwanangu, nikaweka kisu chini, nikamwomba mtoto msamaha. Mimi!

Mpigie simu Jumapili, wewe na mama yake. Msimwambie akariri. Mwacheni aulize, na msilolijua mwambieni hamlijui. Mimi ninajifunza kusema hivyo, ingawa nikisema meno yananiuma. Leo asubuhi nilimwambia ale tu, asikariri. Akashika kijiko, akaniangalia, akangoja. Chakula kikapoa bado anangoja.

Shangazi yako Gwi-nam anawasalimu, na mzee Pak pia, ingawa mapeari yake ni madogo. Bwana awakinge na baridi ya huko.

Ni mimi baba yako, nakupenda, ingawa sikuwahi kukwambia.

Cheon Man-bok