Tunaomsemea

Jumatatu, 3 Machi

Mteja wa leo mwalimu wa chekechea. Nimemsuka tangu asubuhi, nywele nyingi kama shamba. Katikati ya kazi akaniuliza, binti yako anasikia vizuri? Amemwita mara kadhaa na hageuki. Nikamwambia ana maringo, amerithi kwa bibi yake. Tukacheka. Halafu nikamvuta nywele kwa nguvu, makusudi kabisa. Akaruka kwenye kiti. Mwalimu mzima!

Jioni nimemwita mwenyewe. Nimesimama nyuma yake, nimeita na kuita. Hakugeuka. Baba yake alipofungua pakiti ya biskuti jikoni — mbio! Kwa hiyo masikio hayana shida. Basi shida ni nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtazama siku nzima kama askari. Akitaka maji hasemi, wala haonyeshi kwa kidole. Anachukua mkono wangu anauweka kwenye jagi. Mkono tu. Uso wangu hana habari nao. Nami nampa maji, basi. Sote humu ndani tumezoea: akikuna shingo ni njaa, akizunguka ni usingizi. Tunamsemea kila kitu mpaka hatukugundua kwamba hasemi. Miaka minne na nusu — hajawahi kuniita mama.

Na nywele! Mimi msusi, watu wanapanga foleni mlangoni kwangu, na mwanangu hagusiki kichwa. Akiona kitana anajipiga makofi. Wateja wanasema mganga hajigangi. Nacheka nao. Inauma.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mume wangu mbele ya mama mkwe kwamba mtoto hasemi. Kosa! Mama mkwe amewaka. Mke mwenzangu (ndivyo anavyomtania mjukuu wake) mzima wa afya! Si anatoa tangazo zima la sabuni la redioni, neno kwa neno? Bubu gani huyo? Nikasema, Mama, tangazo analijua, maji hawezi kuomba. Akasema sisi wanawake wa siku hizi tunachagua magonjwa kama tunachagua mitumba.

Mume wangu akainamia sahani. Fundi wa kuchomelea vyuma, haogopi moto, anamwogopa mama yake.

Jumatano, 12 Machi

Zahanati. Muuguzi mpole. Ameniuliza maswali kana kwamba amewahi kuishi nyumbani kwangu. Akataja usonji. Uamuzi ni wa daktari, akasema, lakini dalili zipo. Si kurogwa, si malezi mabaya, wala si kitu cha kutibiwa kwa sindano. Ndivyo ubongo wake ulivyo, na akisaidiwa mapema atajifunza mengi. Kuna darasa dogo la watoto kama yeye hospitali kubwa, ila wanaingia wanaopitishwa na daktari. Daktari mwenyewe huja siku chache tu, kila miezi mitatu. Tumepangiwa Jumanne, tarehe 25.

Nimelia chooni ili mtoto asinione. Halafu nikakumbuka, hata angeniona asingeuliza. Nikalia upya.

Jumanne, 25 Machi

Imeharibika.

Mama mkwe aling'ang'ania kuja. Alimvalisha gauni jipya, akambeba hadi chumbani kwa daktari. Daktari anauliza, mama mkwe anajibu. Anaongea? Kasuku! Anacheza na wenzake? Sana! Akiitwa anaitika? Papo hapo! Na mtoto, kana kwamba wamepanga, akatoa tangazo lake la sabuni mwanzo mwisho. Daktari akatabasamu. Akanigeukia: mama mtoto, una la kuongeza?

Nilikuwa nalo. Lakini nimuumbue mama mkwe mbele ya mgeni? Nimelelewa wapi? Nikasema hapana, daktari. Hapana! Mdomo huu huu unaopiga porojo na wateja kutwa.

Akasema tuendelee kumwangalia, turudi mwakani tukiona haja.

Mwakani.

Jumatano, 26 Machi

Sijafungua saluni. Nimejifungia chumbani, sikutaka kuona mtu. Mama mkwe amekuja akaketi nje ya mlango, akanieleza kwa mara ya kwanza habari za mdogo wake. Alikuwa haongei. Akipenda kuzungusha vifuniko vya sufuria. Wageni wakija, alifungiwa chumba cha nyuma. Watoto walifundishwa kusema wako watano, nao walikuwa sita. Alifia humo humo chumbani, sebuleni kukiwa na wageni wanakunywa chai.

Akasema, mwanangu, mtoto akishatajwa jina la ugonjwa, watamfungia.

Nilikuwa nimeandaa hasira ya mwezi mzima. Imeyeyuka yote. Nikamwambia kupitia mlango, Mama, yule hamkumtaja jina la ugonjwa, na bado alifungiwa. Nilimsikia akilia, nami nikalia upande wangu.

Ijumaa, 28 Machi

Naandikia kwenye benchi, koridoni hospitali. Daktari anaondoka leo jioni. Hatukupangiwa, tumejileta tu. Mama mkwe amekuja bila kuitwa, kimya njia nzima — muujiza!

Feni ya darini inakwaruza. Mtoto amelala sakafuni, ameziba masikio, anapiga mayowe. Watu wanatazama. Mzee mmoja akasema huyu hana adabu, ana wazazi kweli? Mama mkwe akasimama. Nikajua leo kuna matusi. Akasema kwa sauti, korido nzima ikasikia: mjukuu wangu haongei. Akiitwa haitiki. Jumanne nilimdanganya daktari. Halafu akaketi sakafuni na nguo yake ya kutokea, kando ya mke mwenzake, bila kumgusa. Analia wazi wazi. Nami siwezi kumfuta machozi, yangu yananitosha.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Daktari amebakiwa na nafasi ya kuona mtoto mmoja tu.

Mbele yetu kuna mama mmoja tu. Mwanawe mkubwa kuliko wangu, anagonga kichwa ukutani, tena na tena. Mama ameweka kiganja katikati ya kichwa na ukuta. Kiganja kimekuwa chekundu. Zamu ni yake, kila mtu anajua. Lakini amemsikia mama mkwe. Ameniuliza, wako ana miaka mingapi? Minne na nusu. Akasema bado mdogo, huyo ataokoka.

Hajainuka. Ananitazama. Muuguzi anauliza kwa mara ya pili, nani anaingia? Nami sijamwambia dada wa watu, pita, zamu ni yako. Bado sijamwambia —