Machozi Yana Sababu Nyingine

Nyumbani,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 2 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu, na kabla sijasema lolote, hujambo? Lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limepoa? Wifi naye hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania kitanda kimoja wakati kuna viwili? Niandikie yote. Usinijibu "sisi sote wazima" halafu ukatia sahihi. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, na mmoja ulikuwa wa hali ya hewa.

Sisi huku ni wazima wa afya. Shemeji yako bado anaendesha lori la saruji, anarudi mweupe mpaka kope. Mimi nimepata nafasi nzuri zaidi pale sokoni, cherehani yangu sasa iko karibu na mlango, ninapata hewa. Kitindamimba wangu ameota meno mawili na ananiuma nayo bila huruma. Shangazi bado yuko kwetu tangu alipoumia nyonga. Anatembea vizuri sasa, ila ukimwambia hivyo anaanza kuchechemea.

Sasa kama umesimama, kaa chini. Nina hasira, kaka, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, kwa hiyo usiikunje barua hii katikati.

Ni habari ya Baba. Najua hupendi nikuanzie habari za Baba. Miaka kumi na mmoja hamjasemezana, na miaka yote hiyo mimi nimekaa katikati yenu kama mwamuzi aliyenyang'anywa filimbi. Nimechoka.

Mwezi wa tatu macho ya Baba yalianza kuwa mekundu. Kila nikirudi kutoka sokoni namkuta yamevimba, anayapangusa kwa pembe ya shati. Unajua mwenyewe mambo ya mafundi wa kuchomelea. Mtu akiutazama ule moto bila kioo cheusi, macho yanamwasha kama yamejaa mchanga, na machozi hayakatiki. Baba akasema ni moto wa kazi tu. Nikaamini, kwa nini nisiamini? Nikawa namkatia viazi vibichi vipande vyembamba, namlaza kwenye kochi, nambandika machoni, kama alivyokuwa akifanya marehemu Mama. Alikuwa anatulia kimya na viazi vyake usoni, wala hakusema neno. Likumbuke hilo la viazi, maana bado linaniuma.

Mwisho wa mwezi wa nne bosi wa karakana akamwona. Baba alikuwa anachomelea bawaba za geti, akainua ngao ya uso, mashavu yote yamelowa. Bosi akamwita pembeni. Akamwambia, Mzee Cheche, wewe nakuheshimu, lakini mtu mwenye macho mabovu simpi moto. Lete karatasi ya daktari kabla ya mwisho wa mwezi wa tano, la sivyo utahamia kwenye kibanda cha mlangoni, uwe unaandika magari yanayoingia na kutoka.

Miaka thelathini na tatu, kaka! Nusu ya mageti ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake. Halafu akakae kwenye kibanda na daftari. Aliponieleza alikuwa anakunywa chai, na sauti haikutetemeka, lakini kile kikombe alikishika kwa mikono miwili.

Nikaomba ruhusa, nikampeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari wa macho ni binti mdogo, mpole, akamwonyesha lile bango la herufi. Baba akasoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akaendelea na yale maandishi madogo ya kiwanda kilicholichapa bango, mpaka binti wa watu akacheka. Akammulika, akamtia dawa, akammulika tena. Akaandika karatasi. Baba akaisoma pale barazani mara tatu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Mimi niliisomea begani kwake. Ilisema: "Macho ni mazima kabisa. Machozi yana sababu nyingine."

Mimi nikashukuru Mungu, nikajua yameisha. Kumbe wapi! Wiki ikapita, bosi akanikuta njiani akaniuliza, mbona karatasi haiji? Nikamuuliza Baba, akasema ataipeleka. Wiki ya pili, ataipeleka. Huyu ndiye Baba ambaye ukimwazima spana leo, kesho alfajiri ameirudisha na ameipaka mafuta. Nikaanza kuona mtu huyu hataki kupona.

Alhamisi ya wiki iliyopita ikawa hivi. Umeme ulikatika sokoni, nikafunga mapema, nikafika nyumbani saa tisa alasiri. Nikiwa mlangoni nikasikia mtu analia kwa kwikwi. Nikadhani Shangazi kaanguka tena. Nikaingia mbio na viatu vyangu.

Shangazi alikuwa ameketi vizuri tu, miguu juu ya stuli, anakula karanga. Aliyekuwa analia ni Baba. Baba yetu, kaka. Amejiinamia mbele ya televisheni, mabega yanamtikisika, na Shangazi anampitishia kitambaa bila hata kumtazama, kama nesi aliyezoea. Kwenye televisheni palikuwa na mzee mmoja mpaka rangi. Anapaka rangi ukumbi ambao mwanawe atafanyia harusi, na mwenyewe hakualikwa. Anamuuliza msimamizi, maharusi watakaa upande gani, ili ukuta ule aupake mara mbili. Nikafungua mdomo, Shangazi akaninyooshea kidole, akaniambia ninyamaze kwanza, ndipo penyewe hapo.

Basi nikasimama palepale mpaka filamu ikaisha. Nakuambia ukweli, hata mimi kile kipande cha ukuta kilinigusa. Lakini hasira ilinizidi. Nikapayuka! Nikamwambia Baba, nusu ndoo ya viazi! Nimeacha wateja wangu, nimekupangia foleni ya hospitali tangu asubuhi, kazi yako iko mdomoni mwa mamba, kumbe wewe unalia sinema! Shangazi akauliza, kwani vile viazi vilikuwa vya macho? Yeye alidhani ni vya kulainisha ngozi. Nilikaribia kumrushia mto.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Mwanzoni alikuwa akitazama peke yake, zile filamu anazopewa na msusi wake. Baba akitoka kazini saa nane anapita, anasimama mlangoni kama mtu anayetafuta funguo. Siku ya tatu akavuta kiti. Sasa ni yeye anayeuliza, leo ipo ya kulia? Ikiwa ya kuchekesha, anakwenda zake kulala. Na si nyumbani tu. Anasema akiwa kazini zinamrudia, na ndani ya ile ngao ya uso hakuna anayemwona, basi anajiachia humo humo.

Nikamwambia, Baba, peleka karatasi. Akasema bosi atauliza hiyo sababu nyingine ni ipi. Nikamwambia amjibu ni sinema, mbingu haitaanguka. Halafu akasema neno ambalo tangu siku ile halijanitoka. Alisema, "Nikisema hivyo, mama, kakako nilimwaibishia nini?"

Nilikuwa na miaka kumi siku ile, lakini naikumbuka. Wewe ulikuwa na kumi na minne. Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa sinema wa mtaa, Baba na wenzake wa karakana wamekaa safu ya mbele yetu. Ile picha ya mama aliyempoteza mtoto kwenye kituo cha treni, anakimbia huku na huku anamwita. Ukalia kwa sauti. Mafundi wakageuka wote. Baba akakushika ukosi akakutoa nje mbele ya ukumbi mzima, akasema, twende, Bomba, utatulowanisha. Watu wakaangua kicheko. Jumatatu shule nzima ilikuwa inakuita Bomba. Ukacheza mpira ukiitwa Bomba, ukapata kazi ya kwanza ukiitwa Bomba. Na siku unaondoka, umeshika sanduku, Baba akasimama getini akakuambia, haya Bomba, usilie njiani. Niliuona uso wako, kaka. Hukumjibu, na mpaka leo hujamjibu.

Kwa hiyo alikuwa radhi aache moto, akakae kibandani aandike namba za magari, kuliko kusema neno moja ambalo litamhukumu yeye mwenyewe. Huyo ni Baba. Na wewe? Nilikuandikia kwamba ameanguka kutoka kwenye ngazi, ukaniuliza ngazi ilikuwa ya mbao au ya chuma! Jamani, mmetoka tumbo gani na mgongo gani nyinyi? Mnafanana mpaka mnakera. Mimi ndiye ninayeumia, natunga salamu ambazo hakuna aliyezituma. Ndiyo, nilikuwa natunga. Kila nilipomwambia Baba unamsalimu, nilikuwa namdanganya, na nadhani alijua.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi. Asubuhi nikaichomoa karatasi kwenye shati lililokuwa linangoja kufuliwa, nikaenda nayo karakana wakati wa chai. Nikampa bosi mkononi. Unajua yule bosi hawezi kusoma kimyakimya, lazima afuate kwa kidole na asome kwa sauti. Akasoma mpaka mwisho, mafundi wote wanasikiliza, hata mashine ya kukata vyuma ikazimwa. Akauliza, sababu nyingine ipi?

Nakiri, nilikuwa nimeshaandaa uongo. Nilitaka kusema ni vumbi la saruji ya shemeji yako. Lakini Baba akaweka kikombe chini, akasema, "Nalia sinema."

Halafu mmoja kule nyuma akacheka, na wengine wakafuatia. Baba hakukasirika. Akawaambia wacheke tu, hata yeye aliwahi kucheka. Akasema alikuwa na mtoto aliyelia sinema, akamwaibisha mbele za watu, na baadhi yao walikuwepo na walicheka naye, na yule mtoto hakuwa na kosa lolote. Alisema hivyo hivyo, kaka, mbele ya watu kumi na watatu, kwa sauti ile ile anayoombea vipimo vya dirisha. Yule fundi wa rangi wa pale karakana, rafiki yake wa siku zote, akatazama viatu vyake. Kicheko kikakatika.

Bosi akaitia karatasi mfukoni, akasema geti la shule linatakiwa kabla ya saa nane. Basi. Ndiyo yakawa yamekwisha. Baba akashusha ngao, akawasha moto, akaendelea. Mimi nikaenda nyuma ya lundo la mabomba ya chuma nikalia kwa furaha na kwa hasira, hata sijui ipi ilizidi. Miezi mitatu ya roho juu, kwa maneno mawili!

Jana mchana Baba na Shangazi walijifungia sebuleni. Shangazi alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye simu na msusi wake, wanatafuta filamu moja ya zamani, wala hawakuniambia ni ipi. Walipofungua mlango Baba alikwenda kunawa uso, akala.

Leo ameniuliza kama ninakuandikia. Nikamjibu ndiyo. Ameniomba nimwachie nafasi chini ya karatasi, kisha amenifukuza nisije nikachungulia, ati niende jikoni. Kwa hiyo namalizia haraka na sitasoma atakachoandika. Sikulazimishi umsamehe, hilo ni lako. Ila mimi sibebi tena salamu za uongo. Baba anatoka kazini saa nane na simu iko karibu na kiti chake. Piga. Usinipigie mimi.

Nisalimie sana wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimekishonea gauni na watu wote wananiuliza nimekitoa wapi. Wabusu mapacha. Shemeji yako anakusalimu. Shangazi anasema umtumie filamu za huko, hata kama haelewi lugha, mradi ziwe za kulia. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya na riziki, na akulainishie hiyo roho, kwa sababu mimi nimejaribu nimeshindwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikasirika.

*

Mwanangu,
Nilikukosea. Nisamehe. Siku ile nilikutoa ukumbini kabla picha haijaisha, hukuona mwisho. Jana nimeitazama yote. Yule mama anampata mtoto wake.
Baba yako.