Chupa Aliyoisahau Ikupa

Ibaba, Ileje
14 Juni, 2013

Mdogo wangu Zabron,

Nakusalimu wewe, shemeji Tabita na watoto. Natumaini kifua cha shemeji kimepata nafuu. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na mahindi tumemaliza kuyavuna.

Jirani yangu Anyitike ameniambia kwamba hapo Tunduma hupiti tena stendi, na kwamba unasema hadharani kuwa wewe ndiwe uliyemuua mwanangu Ikupa kwa kumchagulia pale gari lile la kuja huku, lililokosa breki mteremkoni. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unaikumbuka chupa aliyotuonyesha Krismasi. Alitueleza kwamba maabarani kwao, Johannesburg, alipitisha vimiminika viwili, kimoja cheupe, kingine cheusi chenye chembe za chuma, katika mfereji mwembamba kama unywele. Humo huenda bega kwa bega bila kuchanganyika. Mafuta yakaukata mkondo ukawa matone, na mwanga ukayagandisha. Kila punje, ndogo kama vumbi, ikawa nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Aliposogeza sumaku, zote ziligeuka, chupa nzima ikawa nyeusi. Alinitania kwamba darasa langu halikuwahi kunitii hivyo kwa miaka thelathini, nawe ukacheka hadi ukamwaga chai.

Aliisahau kwangu, pamoja na sumaku. Mwezi Machi alinipigia simu kwamba mtambo umeharibika, hawezi kutengeneza nyingine kabla ya mtihani wake. Aliomba nikupe chupa, nawe umkabidhi dereva wa basi la Johannesburg. Nilimjibu kwamba sijaiona, aje aitafute mwenyewe. Akanisihi nitazame vizuri, kwani safari ni ya siku tatu. Nikarudia kwamba haipo, naye akafunga safari.

Zabron, nilikuwa nimeishika mkononi. Nilitaka tu kumwona.

Katika wasifu wa marehemu niliousoma mbele ya jeneza, niliandika kwamba alikuja kumsalimu baba yake. Sentensi hiyo ni ya uongo, na watu waliililia. Sasa chupa iko dirishani. Sumaku niliitupa chooni, lakini kila asubuhi chupa naikuta nyeusi.

Jumamosi ya kuweka msalaba kaburini kwake, isome barua hii mbele ya ukoo wote, bila kuruka neno. Kiti cha mkubwa wa nyumba ukikalie wewe. Mimi nitasimama.

Msalimie shemeji, aliyemwosha mwanangu. Anisamehe akiweza.

Ni mimi kaka yako,
Asajile