Pini ya Mtandio na Ruta Yako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua ungeanza kuuliza habari za kompyuta yako kabla ya zetu. Ipo palepale chini ya televisheni, inanguruma, na feni yake bado inavuta vumbi lote la Kariakoo. Ila tangu msiba wako ilikuwa haipokei barua pepe hata moja, na aliyeiharibu ni mimi.

Unakumbuka tulivyokucheka ulipoamua barua pepe zako zipokelewe na kutunzwa hapahapa nyumbani? Mama alisema, "Mzee huyu sasa anafungua posta sebuleni!" Ukajibu kwamba maneno yako na Mzee Bakari hayawahusu watu. Maneno gani, jamani? Drafti tu! Tangu rafiki yako huyo arudi Lindi na masikio yake kuziba, simu haikumfaa tena. Basi kila siku mkawa mnaandikiana, kila mtu na zamu yake ya kusogeza kete, na matusi ya utani juu yake.

Siku ya msiba nyumba ilifurika. Wajukuu zako wakaanza kunizonga, "Shangazi, paswedi ya waifai?" Yako hakuna aliyeijua. Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikabonyeza kile kitundu nyuma ya ruta, kisanduku chako cha intaneti, ili ianze upya, nikaweka paswedi nyepesi. Watoto wakatulia, na mimi nikajiona mjanja kweli.

Baada ya arobaini yako, kaka akataka kuiuza kompyuta. Nikamwambia asubiri niiangalie kwanza. Barua mpya hakuna. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Anza na waya, mwanangu. Watu wa siku hizi mnaanza na lawama." Nikaanza na waya, umekaa sawa. Taa zinawaka. Mtandao upo. Nikajitumia barua kutoka kwenye simu, haikufika; nikatuma kutoka kwenye kompyuta kwenda simu, ikafika. Kumbe za kutoka zinatoka, ila za kuingia haziingii.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile pini! Ndani ya ruta kulikuwa na maelekezo yako, kwamba barua ikija ipelekwe kwenye kompyuta. Nilipobonyeza yalifutika yote. Kila barua ikawa inaishia mlangoni na kurudishwa kwa aliyeituma.

Nilihangaika nayo kutwa nzima mpaka nikayarudisha. Jioni ikaingia barua moja, ya Mzee Bakari kwako.

"Salehe, barua zangu zinarudi. Nimekukosea nini? Zamu ni yako."

Baba, tulipiga simu kila mahali siku uliyofariki, mpaka kwa yule fundi cherehani wako wa Msimbazi. Mzee Bakari hapigiwi simu, basi hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka.

Ningemwambia palepale. Nikaogopa. Nikauvuta ubao wako, nikasogeza kete, nikaandika, "Mtandao ulisumbua. Haya, cheza." Nikatia jina lako. Alifurahi, Baba! Alinitukana matusi yenu yote, nikacheka peke yangu sebuleni. Nikacheza tena, na kesho yake tena. Nilijua kabisa ninachofanya ni kibaya, lakini kila alipoliandika jina lako niliona kama bado upo, umetoka tu kidogo kwenda Mnazi Mmoja kupunga upepo.

Jana akaandika, "Salehe haondoi kete za nyuma mapema hivi. Wewe ni nani? Na rafiki yangu yuko wapi?"

Leo asubuhi nimemjibu. Nimeanza na shikamoo, nikamweleza yote, kifo chako, pini, na uongo wangu. Nimemwomba radhi, na wewe nakuomba hapa. Nisamehe, Baba. Kompyuta haiuzwi, nimeshamwambia kaka, amenuna.

Jibu la Mzee Bakari limeingia wakati nakuandikia. Nilijiandaa kutukanwa, na wallahi ningeshukuru. Hakunitukana hata kidogo. Ameuliza tu, "Mlimzika wapi?"

Kitindamimba wako